Mtoto Asiyeambiwa Pole

Zamani mfiwa alikaliwa kimya hadi machozi yakauke yenyewe, siku hizi anatupiwa "pole" kama kuku anavyotupiwa pumba, na aliyeitupa anageuka kuuliza wali unaiva saa ngapi.

Siandiki haya kwa sababu ya uzee tu. Naandika kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyepanga vyumba viwili katika ua wangu hapa Makanyagio. Jina lake Veneranda, muuza dagaa, mama wa mtoto mmoja. Hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwahi kugombea hata ubalozi wa nyumba kumi. Lakini nimesoma magazeti maisha yangu yote, nimeona watu wakubwa wakiandikwa kwa mambo madogo, basi acha na mdogo mmoja aandikwe kwa jambo kubwa.

Veneranda alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliotoka Burundi wakiwa wamebebwa migongoni. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wowote. Baba yake ni raia, mama yake ni raia, kura wanapiga. Lakini ukikosana naye sokoni juu ya kisado cha dagaa, neno la kwanza kukutoka mdomoni ni "mkimbizi". Alikuwa amelizoea.

"Mzee," aliniambia siku moja akichambua dagaa uani, "mimi nimekimbia nini zaidi ya mbwa wako?"

Mumewe, Isidori, alikuwa mtu wa Ikola, dereva wa lori linaloleta dagaa kutoka ziwani. Walianza kwa ugomvi. Veneranda alifungua gunia mbele ya watu akasema dagaa wamelowa. Isidori akamjibu kutoka juu ya lori, "Dada, walikuwa ziwani. Ulitaka waje wamevaa koti?" Soko zima likacheka, naye akacheka, na kabla ya masika kuisha walikuwa wamekuja kwangu kuulizia chumba. Mama yake Isidori, Bi Marsela, hakuipenda ndoa ile. Alikuja kutoka Ikola, akaketi kwenye kigoda changu, akamtazama mkwewe kama mtu anayetazama samaki wa jana. Akasema, "Mwanangu ameona wanawake wote wa ziwani wameisha?" Veneranda akamletea maji ya kunawa. Ndivyo alivyokuwa. Alijibu watu wa sokoni, lakini hakumjibu mkwe wake.

Mimba yake haikufika mwisho. Hakuwa amebeba mzigo wala hakuwa ameanguka. Alikuwa ameketi nyuma ya meza yake sokoni, maji yakamtoka, akapakiwa kwenye bajaji akakimbizwa hospitali. Mtoto alizaliwa bado miezi yake haijatimia. Alikuwa wa kike, na alikuwa mdogo kiasi kwamba Isidori alipoulizwa anafanana na nani, alinyoosha kiganja chake akakitazama, akakifunga tena.

Watoto hawa siku hizi wanaitwa njiti, njiti kama ya kiberiti. Sijui nani alikaa akafikiri, akaona hilo ndilo jina la kumpa binadamu. Kwa bibi yangu mtoto wa namna hiyo aliitwa mgeni aliyewahi, na mgeni aliyewahi hapigiwi kelele, kwa sababu wenye nyumba ndio hawakuwa tayari. Alifungiwa ndani na mama yake, moto mdogo, giza, ngozi kwa ngozi. Jirani akija aliongea nje. Hakuna aliyemshika isipokuwa mama na bibi. Na wengi walikufa, sitadanganya, asitokee mtu akasema mzee amesahau. Walikufa, wakazikwa nyuma ya nyumba, na baba alikwenda shamba kesho yake. Emelyne, ndivyo walivyomwita mtoto wao, angezaliwa wakati wa bibi yangu tusingekuwa na habari zake. Hospitali ilimwokoa. Hilo nalisema kwanza ili nipate haki ya kusema linalofuata.

Nilikwenda kumwona. Nilipeleka uji, nikaruhusiwa kuchungulia kwenye kioo. Kile chumba hakikuwa na usiku. Taa ziliwaka mchana na ziliwaka watu walipolala. Mashine zililia, zikizimwa moja inaanza nyingine, na vile viumbe, ambavyo vilitakiwa viwe bado gizani vinasikiliza moyo wa mama tu, vilikuwa vinashtuka, vinatupa mikono hewani kama mtu anayeanguka kutoka kwenye mti. Mama zao waliingia saa za maziwa, wakakamua, wakanywesha kwa mpira, wakatoka. Chumba kilikuwa chembamba na wauguzi wachache. Siwalaumu. Mtu anayezima moto halaumiwi kwa kukulowesha.

Lakini huyu mtoto aliishi kwa kuchomwa. Alichomwa kisigino kutafuta sukari kwenye damu. Alichomwa mkono kuwekewa dripu, mshipa ukapasuka, wakahamia mguuni, mguu ukavimba, wakahamia kichwani. Plasta ilipobanduliwa ilibanduka na ngozi, maana ngozi yake ilikuwa kama ile ya ndani ya kitunguu. Na kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mnene, mwenye sauti ya chini, mwenye huruma kuliko wenzake wote. Wengine walichoma kimya kimya wakaendelea na kazi. Yeye aliinama kwanza, akamsogelea mtoto sikioni, akasema, "Pole, mama. Pole, mama yangu." Halafu akachoma. Wenzake wakaiga, kwa sababu wema nao unaambukiza. Ikawa kila sindano inatanguliwa na pole. Wiki kwa wiki, hadi mtoto alipofikisha uzito wa kuruhusiwa.

Hakumaliza mwaka nyumbani, akashikwa na kichomi, akarudishwa. Dripu tena, visigino tena, pole tena.

Emelyne alichelewa kukaa, akachelewa kutembea. Simu ikilia alishtuka mwili mzima. Alikuwa hakubali mtu amshike miguu. Veneranda alimwosha kwa kumwacha asimame mwenyewe ndani ya beseni na kuyapiga maji mateke, akicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, lakini ukipeleka mkono kwenye kisigino kicheko kilikatika kama kimekatwa na kisu. Viatu alivaa mwenyewe au hakuvaa. Bi Marsela alikuja akataka kumkanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, kama alivyokanda watoto wake wote na wakanyooka. Mtoto alikakamaa mikononi mwake kama gogo. "Huyu hana mwili," alisema Bi Marsela. "Ana mti."

Aliyegundua ni Veneranda. Siku hiyo nilikuwepo. Mtoto alikuwa na miaka miwili hivi, alianguka kwenye ngazi ya mlango wangu, goti likachubuka, damu ikatoka. Hakulia. Aliinuka, akalitazama goti, akataka kuendelea na mambo yake. Isidori akatoka ndani mbio, akapiga magoti, akamwambia kwa upendo wote wa baba, "Pole, mama."

Mtoto akakaa chini palepale, akaificha miguu yote miwili chini ya makalio, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Amechelewa kusikia maumivu," akasema Isidori.

Veneranda akambeba akamwingiza ndani. Siku chache baadaye mwanamke alipita nje ya ua akamsalimia, "Mama Eme, pole na kazi!" Mtoto alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa, hakuguswa na mtu. Akaficha miguu, akalia vilevile. Veneranda akaweka ungo chini. Alinigeukia.

"Mzee, si goti. Ni neno."

Tulikwenda hospitali pamoja kumuuliza daktari, maana Isidori alikuwa safarini. Daktari alikuwa kijana, mtu wa adabu, hakutucheka. Alisema mtoto anayezaliwa kabla ya wakati, ubongo wake bado unasukwa, na maumivu mengi na kelele nyingi za siku zile vinaweza kuufundisha mwili kukaa chonjo hata hatari ikiisha. Alisema si wote. Wengine wanakua bila alama yoyote, wengine wanakuwa waoga, wengine darasani wanakuwa wazito, na dawa yake kubwa ni utulivu na mtu mmoja wanayemwamini. Siku hizi, alisema, hata hospitali wanamfunga mtoto kifuani kwa mama mapema pale inapowezekana, na wanajaribu kupunguza taa. Nikamwambia bibi yangu alijua hilo. Akasema, "Kweli, mzee," kwa namna ya kumridhisha mzee.

"Na hili neno?" akauliza Veneranda.

"Neno lenyewe siwezi kukuhakikishia, mama. Lakini sauti wanasikia. Wewe ndiye unayekaa naye. Ukiona hivyo, mwamini mtoto."

Kuanzia siku hiyo neno pole halikutoka mdomoni mwa Veneranda. Jaribu wewe, hapa kwetu, siku moja tu. Mtu amejikwaa, mtu ametoka kazini, mtu amebeba ndoo, mtu ameumwa, mtu amefiwa, mtu amesubiri foleni. Tunalisema bila kulisikia. Yeye alilifuta. Emelyne alipoumia alimwambia kwa Kirundi, lugha ya mama yake, "Ihangane, mwana wanje," vumilia mwanangu, na mtoto alimwegemea, akatulia. Hilo neno halikuwahi kusemwa kwenye chumba kile chenye taa. Lilikuwa safi. Isidori naye alijifunza, akalitamka vibaya, Kibende cha kwao Ikola kikiwa kimejaa kinywani, wote watatu wakacheka. Nadhani hizo ndizo siku zao nzuri.

Kisha Veneranda akazunguka kuwaomba watu nao waliache neno hilo. Hapo ndipo nilipouona mji huu ulivyo.

"Basi akianguka tumwambieje?" akauliza mwuza nyanya jirani yake. "Hongera?"

"Usimwambie kitu. Mwinue tu."

"Mtoto wa kizungu huyo, Mama Eme. Mwenzetu umezaa waziri."

Bi Hadia, mwenye duka la vyombo mkabala na soko, ndiye pekee aliyeelewa bila kuelezwa mara mbili. "Haya, kwangu akianguka nitamwambia Bismillahi, kama ninavyowaambia wanangu," alisema, na ndivyo alivyofanya, na mtoto alikuwa na amani katika duka lile kati ya masufuria. Vijana wa bodaboda wao walipata mchezo. Walimwona anapita na mama yake, mmoja anavuta sauti, "Emeee, poleee!" na mtoto anakaa chini katikati ya barabara anaficha miguu, nao wanapigiana viganja. Isidori alimkamata mmoja akamtia makofi, ikawa kesi, akaombwa aombe radhi. Zamani mtu mzima aliyemchezea mtoto mgonjwa angeombewa radhi na baba yake mzazi, tena akiwa amepiga magoti. Siku hizi ni mchezo tu, mzee, dogo alikuwa anatania.

Shule ilikuwa hivyohivyo. Mwalimu hakuwa mbaya, lakini alikuwa na darasa lililofurika hadi mlangoni. Siku ya kwanza aliwaambia, "Someni polepole." Emelyne akaingia chini ya dawati, na hakutoka hadi mama yake alipoitwa kutoka sokoni. Herufi zilimshinda. Si kwamba hakuwa na akili. Nilimfundisha mwenyewe a, e, i, o, u kwenye mchanga uani, asubuhi kukiwa kimya, na alizishika. Darasani, kelele zikianza, alizisahau zote. Watoto wakampa jina la Njiti. Nilijua watalipata tu.

Bi Marsela aliyasikia haya yote huko Ikola, na kila yalipomfikia yalikuwa yameongezeka. Alikuja tena. "Mtoto anayekataa pole anakataa utu," alisema. Na aliposikia Veneranda anamtuliza kwa Kirundi, aliweka kikombe cha chai chini. "Mjukuu wangu anabembelezwa kikimbizi? Katika nyumba ya mwanangu?"

"Mama, ndilo neno linalomtuliza," Isidori akasema.

"Umelogwa wewe, siyo mtoto."

Masika yaliyofuata, lori la Isidori liliacha barabara kwenye daraja, likitokea Ikola, likaangukia mtoni na magunia yote. Walimtoa kesho yake.

Msiba ulikuwa katika ua wangu. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikaja, spika zikaja, na kijana wa kushika kipaza sauti, maana siku hizi msiba nao una mshereheshaji. Wakati wa ujana wangu, mtu aliingia kwenye ua wa mfiwa, akavua viatu, akakaa chini ukutani. Hakusema neno. Angekaa hadi jioni, akiondoka anakugusa bega, na wewe ulijua amekuja. Kama tungekuwa bado na adabu ile, nisingekuwa na haya ya kuandika. Mtoto angekaa katikati yetu na hakuna ambaye angemgusa na lile neno.

Veneranda, mwenye msiba, badala ya kukaa kwenye mkeka na kuliliwa, alisimama kwenye mlango wa ua. Alimwambia kila anayeingia, "Niambieni mimi chochote mnachotaka. Mtoto msimwambie pole, nawaomba. Kaeni naye tu." Wengine waliitikia kwa kichwa. Wengi walitazamana. Wanawake wa Ikola walipofika na Bi Marsela, wakaambiwa hivyo hivyo, mmoja wao alisema kwa sauti ya kusikika, "Msiba usio na pole! Kwani amekufa mbuzi?"

"Kama hamwezi kunyamaza," akasema Veneranda, na nadhani kuchoka ndiko kulikomponza, "basi mwambieni ihangane. Ni hilohilo."

"Tumlilie Isidori Kirundi?" akasema Bi Marsela. "Sogea njiani."

Wakapanga mstari. Jeneza lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe, na Emelyne alikuwa amekaa karibu na meza kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na nafasi. Wa kwanza akainama, "Pole, mama." Wa pili, "Pole, mwanangu." Yule wa kipaza sauti akaona jambo la kugusa moyo, akasema kwa spika, "Tumpe pole mtoto wa marehemu." Mtoto akapiga ukelele, akaingia chini ya meza ya jeneza, akajikunja huko, ameshika visigino. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amemfuata baba yake, kwamba kuna kitu kinamwita. Bibi wawili wakainama kumtoa. Unajua walimshika wapi? Miguu. Wakamvuta kwa miguu. Alimng'ata mmoja mkono hadi damu, meza ikatikisika, na wanaume ikabidi walishike jeneza.

Hilo ndilo walilolikumbuka. Isidori mwenyewe walimsahau kabla udongo haujakauka.

Siku ya kuanua tanga, ukoo ulikaa kikao sebuleni kwangu. Alikuwepo Bi Marsela, alikuwepo Telesfori, mdogo wake marehemu, mvuvi, na wazee watatu wa kwao. Veneranda alikaa chini mlangoni. Mtoto alikuwa nje, anacheza.

Telesfori ndiye aliyesema. "Shemeji, sisi hatukufukuzi. Wewe bado kijana, utaolewa. Lakini mtoto ni wa ukoo. Mama ataondoka naye."

"Anaumwa," Veneranda akasema. "Hawezi kukaa mbali na mimi."

"Anaumwa ukaidi," akasema Bi Marsela. "Nitamponya. Ataambiwa pole asubuhi, ataambiwa pole mchana, ataambiwa pole jioni, na kila mtu wa Ikola atakayepita, hadi amtoke huyo pepo mwenyewe. Mwezi mmoja tu. Mtoto ni kama kamba mbichi, unamnyoosha."

Nikasema niliyokuwa nayo. Niliwaeleza kile chumba, taa, sindano, yule muuguzi. Niliwaambia, "Nyie mnataka kumrudisha mtoto hospitali kila siku, tena bila ugonjwa." Telesfori alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Mzee Ezekia, asante. Lakini wewe ni mwenye nyumba. Siyo mwenye mtoto."

Wazee wakaitikia. Ikawa imekwisha.

"Mlete," akasema Bi Marsela. "Gari linaondoka mchana."

Veneranda akamwita. Mtoto akaingia, vumbi magotini, ana kijiti mkononi, akaenda moja kwa moja kwa mama yake akaegemea bega lake, akiwatazama wageni bila hofu. Alikuwa ametulia kabisa. Bi Marsela akamwonyesha kwa kidole. "Mnaona? Hana lolote. Kwangu atapona."

Nilimwona Veneranda akifikiri. Haikuchukua muda mrefu. Alimshika mtoto mashavu kwa viganja viwili, akamgeuza uso wake watazamane, akamsogelea sikioni. Akasema kwa sauti ya chini, ya upendo:

"Pole, mama. Pole, mama yangu."

Kwanza mtoto hakuamini. Niliona. Alimtazama kama aliyesikia vibaya. Halafu akaanguka chini kama aliyekatwa magoti, akakamata visigino, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mtoto wala kwa mnyama. Alijikojolea. Alijiviringisha hadi kwenye miguu ya bibi yake, akamkwaruza, akapiga kichwa sakafuni. Na Veneranda, machozi yanamtiririka, akarudia tena, "Pole, mama," na tena, kwa sababu Bi Marsela alikuwa bado hajainuka kwenye kiti.

Akainuka sasa. Aliikunja nguo yake iliyolowa, akarudi nyuma hadi ukutani. "Mwondoe," alisema. "Mwondoe huyu. Huyu si damu ya Isidori. Kwetu hakuna hiki."

"Mama—" Telesfori akaanza.

"Unataka kulala naye nyumba moja? Mchukue basi, mpeleke kwa mkeo."

Telesfori hakutaka. Wazee walitazama vidole vyao. Mmoja akasema kwamba kwa kweli mtoto mdogo hukaa na mama, ndiyo desturi, kana kwamba desturi ilikuwa imechelewa tu kufika. Waliondoka kabla ya chakula. Bi Marsela alipita mlangoni bila kuaga, na kwa mara ya kwanza toka nimfahamu alikuwa ananiogopa mimi pia.

Basi Veneranda alimpata mtoto wake. Watu wa Makanyagio walisema ameshinda. Mwuza nyanya alisema, "Mama Eme ni mjanja, amewatoa mbio watu wa ziwa!" Mji huu hauwezi kutofautisha ushindi na jeraha.

Nilikuwa pale sebuleni walipobaki wawili. Alimsubiri mtoto achoke. Alipochoka alipiga magoti, akanyoosha mikono bila kumgusa, akasema lile neno la nyumbani, "Ihangane, mwana wanje. Ihangane." Mtoto akajisukuma nyuma kwa mikono hadi chini ya meza yangu. Akamwambia tena. Mtoto akaziba masikio. Mdomo ule ulikuwa mmoja. Neno lililo safi na neno lililo chafu vyote vilikuwa vimepita hapo.

"Mzee, nimefanya nini?"

"Umebaki na mtoto," nikamwambia.

"Nimebaki naye wapi?"

Jirani zangu wanasema ningempa jibu jema zaidi, mimi msomaji wa vitabu. Vitabu gani?

Hawakukaa. Biashara ilimshinda, watu walikuja mezani kununua dagaa ili wamchungulie mtoto. Siku moja alinirudishia funguo, na asubuhi hiyo kaka yake, Jean Bosco, akaja na pikipiki kutoka Katumba kuwachukua. Mizigo ilikuwa michache, godoro lilikuwa limetangulia. Bi Hadia alivuka barabara na sufuria dogo jipya, akalifunga nyuma ya kiti bila kusema lolote, akarudi dukani kwake.

Jean Bosco alitaka kumpakia mtoto katikati, ashikwe na mama yake kama watoto wote wanavyoshikwa. Emelyne akakataa. Hakulia, alikataa tu kwa kichwa. Akapandishwa mbele, juu ya tangi, kati ya mikono ya mjomba wake. Veneranda akapanda nyuma. Aliniambia, "Ubaki salama, Baba," na hakuwahi kuniita Baba kabla ya hapo, siku zote nilikuwa Mzee.

Pikipiki ikawaka. Mtoto akageuka, akapitisha kichwa chini ya kwapa la mjomba wake kutazama nyuma. Hakunitazama mimi. Alikuwa anautazama mdomo wa mama yake, na mama yake alikuwa ameufunika kwa kitenge, kama mtu anayejikinga na vumbi, ingawa walikuwa bado hawajaondoka.